Hodi ya Msanii: Kutoka Kamati ya Redio hadi Orodha Teule

Historia ya muziki wa Kiswahili nchini Tanzania aghalabu huandikwa kwa kufuata mitindo: dansi, taarabu, muziki wa kizazi kipya. Iko historia nyingine isiyotiliwa maanani sana, nayo ni ya mlango ambao wimbo hauna budi kuupita kabla haujamfikia msikilizaji. Historia hiyo yaonekana vyema ikitazamwa kutoka Mwanjelwa, eneo la soko jijini Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Dar es Salaam iko umbali wa zaidi ya kilomita 800, na aliye mbali na mlango ndiye aujuaye uzito wake.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa dola. Tangu 1965 Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ilikuwa mtangazaji, studio na hifadhi kwa pamoja. Bendi zilirekodi humo, na maneno ya nyimbo yalikaguliwa kabla ya kutangazwa. Swali la bawabu huyo lilihusu maana: wimbo huu waliambia nini taifa? Malipo hayakuwa ya kutajika, na kanda zilibaki mali ya redio. Hata hivyo, wimbo uliopita ulisikika Mbeya na Iringa sawasawa na Dar es Salaam, na kanda yake ikatunzwa.

Mlango wa pili ulifunguliwa na Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993. Radio One ilianza 1994, na vituo binafsi vikafuata, hatimaye hata katika Nyanda za Juu Kusini. Kamati ilimpisha mtangazaji na dijei. Msanii asiye na kampuni alibeba kazi yake mkononi, akapanda basi, akangoja mapokezi. Sasa swali likawa: nani anakujua? Joseph Mbilinyi, yaani Mr II au Sugu, aliyetoa albamu ya *Ni Mimi* mwaka 1995 na kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, alikuwa miongoni mwa wasanii waliojiita Vinega, ambao kupitia *Antivirus* waliupinga hadharani uwezo wa redio wa kuamua nani asikike.

Mlango wa tatu ni orodha teule za huduma za muziki mtandaoni. Spotify iliingia Tanzania Februari 2021, na kijana wa Mwanjelwa aliweza kumwandikia mteuzi wake bila nauli. Utaratibu wake ni mkali. Ombi kwa wateuzi wa huduma hiyo ni la wimbo mmoja ambao bado haujatoka; inashauriwa lipelekwe walau siku 7 kabla, na maelezo yasizidi herufi 500. Mila ya Waswahili humruhusu mgeni kupiga hodi mara tatu. Hapa hodi ni moja, kwani wimbo ukishatoka ombi halipokelewi tena. Wako pia wateuzi wa kujitegemea, ambao huandikiwa mmoja mmoja. Huduma yenyewe hukataza kulipia nafasi, lakini wauza ahadi hawakosekani. Tena, tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 haumpatii mwenyewe chochote.

Swali la bawabu wa tatu ni jipya: wewe ni wa kundi gani? Fomu humtaka msanii achague mtindo, hali ya moyo na lugha. Hapa wanaisimu wana la kujibu. Aliyechanganya Kiswahili na Kinyakyusa au Kisafwa katika ubeti mmoja hulazimika kuutaja wimbo wake kwa majina aliyokwisha kutungiwa na wengine, na mara nyingi huueleza kwa Kiingereza. Kiswahili kina msamiati mpana wa kuimbia. Cha kuunadi wimbo huo mbele ya mgeni bado ni haba, na pengo hilo ni la wasomi kulijaza.

Jingine ni hifadhi. Bawabu wa kwanza hakulipa, lakini alitunza. Orodha teule hubadilishwa mara kwa mara, na wimbo ulioondolewa huacha nyuma idadi ya waliousikiliza. Kwa wimbo ambao hakuna aliyeuitikia, hata idadi hiyo huwa ndogo mno, na asiyeuandika leo hataukuta kesho.