Askari Asiye na Kaburi

Mtu afapo nyumbani, jamaa zake humzika, hukaa matanga, kisha huondoa matanga. Msiba una mwanzo na kikomo. Lakini askari apoteaye vitani huwaachia watu wake msiba usio na kikomo, maana hapana kaburi la kuzuru. Kwa hiyo jina lake ndilo huwa kaburi lake.

Mwezi wa Februari, 1944, meli Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo. Miongoni mwa abiria walikuwamo askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, na wauguzi wa kike. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani, I-27, iliipiga kwa topido, na hazikutimia dakika mbili ikazama. Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Na manowari za Kiingereza, katika kuisaka, zikatupa mabomu papo hapo penye watu. Walikufa 1,297, walipona 214 tu.

Askari wa kikosi hicho hawana alama baharini, lakini majina yao yamechorwa katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Mjukuu aweza kufika, akalitafuta jina la babu yake, akaligusa kwa kidole.

Wale wa vita vya 1914 hadi 1918 hawakupata hata hilo. Wapagazi waliochukua vyakula na risasi walikufa kwa maelfu mengi, na aghalabu waliuawa na maradhi na njaa kuliko bunduki. Katika mji huo huo wa Nairobi wamesimamishiwa sanamu nzuri ya shaba, lakini haina jina la hata mmoja wao. Haikuwa upungufu wa karatasi peke yake: mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba ubaguzi nao ulikuwa sababu, ikaomba radhi.

Radhi hiyo haiandiki jina. Yaliyosalia yamo katika hati za kale na katika vinywa vya wazee wa koo. Na wazee hao hupungua kila mwaka. Hapana budi wayatafute wale wajuao kusoma hati na kusikiliza wazee.