Hapa Pana Wenyewe: Maneno ya Kutembezea Wageni Kagera

Matangazo ya safari za mahema hupenda kuunganisha majangwa na miamba mitakatifu. Yalete maneno hayo Bukoba, na la kwanza linakwama papo hapo. Mji huu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Lakini toka mjini uelekee Maruku, au panda uwanda wa Kamachumu kule Muleba, utaona migomba inakoma ghafla. Mbele yako ni nyasi na mawe yaliyochomoza, wala hakuna nyumba. Wahaya hupaita rweya. Udongo wake ni mwembamba, umeoshwa na mvua hiyohiyo mpaka ukaishiwa rutuba. Mgomba haushiki bila samadi. Wanawake hulima njugu mawe kisha huliacha shamba lipumzike, na nyasi hufyekwa za kuezekea na za kutandaza kibanjani, yaani kwenye shamba la migomba. Ukame wa huku haupimwi kwa mvua, hupimwa kwa mgomba.

Mbali zaidi na makazi kuna irungu, nchi ya wanyama na wawindaji. Irungu pia ni jina la mmoja wa Wachwezi, miungu ya masimulizi ya huku; ndiye mwenye pori, anayeombwa na wawindaji na wasafiri. Waganda, ng'ambo ya mpaka, jangwa huliita eddungu, na Ddungu wao ndiye mwenye uwindaji. Nchi na mwenye nchi wanaitwa jina moja. Kiswahili tunacho nyika, pori na jangwa, maneno mazuri yote, ila hakuna hata moja linalomtaja mwenyewe. Ningependa mwongoza watalii anayewavusha wageni huko aseme irungu, alieleze mara moja, kisha aendelee nalo bila kuomba radhi.

Sasa miamba. Takatifu ni neno zuri, lakini masikio yetu yamelizoea kanisani, na ukilibandika kwenye jiwe linaleta picha ya altare. Tunalo lililo karibu zaidi: mzimu. Siku hizi wengi wakilisikia huwaza kivuli cha marehemu kinachotisha watu usiku. Maana ya zamani ni mahali: pango, mti au jabali watu wanapopeleka ubani, chakula na maombi yao. Unguja na Pemba bado watu huenda mzimuni, na Dar es Salaam kuna mtaa mzima wa Mzimuni ambao wakazi wake hulitaja jina hilo kila siku bila woga. Neno hilo linafaa kurudishwa kazini.

Mahali pa kulijaribia ni Katuruka, karibu na Maruku. Masimulizi yanasema mfalme Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni, nao ukaanguka. Mti wa mahali hapo uliitwa Kaiija, jina linalotaja uhunzi. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alifika mwishoni mwa miaka ya 1960, akawasikiliza wazee, akachimba walipomwonyesha, akakuta mabaki ya ufuaji chuma wa kale sana. Mgeni leo anaweza kuona mavi ya chuma: vipande vyeusi, vizito kuliko unavyotarajia, vyenye vitundu pale hewa ilipotoka vikiwa bado moto. Kuliita eneo hili kivutio ni kulipima kwa macho ya anayepita. Wazee walilijua kwa sababu ya tambiko, na tambiko ndilo lililohifadhi habari ya chuma mpaka mchimbaji akaja.

Limebaki suala la kulala. Kupiga kambi kunaeleweka kote, ingawa Kagera kambi imebeba pia kumbukumbu za vita vya 1978 na za wakimbizi wa 1994. Wavuvi wa Pwani wana dago, makazi ya muda ya waliofuata samaki mbali na kwao. Muleba, yenye visiwa kama Bumbire na Goziba, neno hilo lingepata kazi mara moja: wavuvi wa dagaa hufika, huvua usiku wa giza, hupumzika mbalamwezi ikiwaka, kisha huhama. Anayelala huko siku mbili kwenye hema amekwenda dago, na afuate adabu ya dago: kwanza apite kwa wenyeji wa mwalo, aseme anatoka wapi.

Na hema alifunge kwa mawe, maana kwenye udongo ule mwembamba wa rweya vigingi havizami. Ufukwe huu wa magharibi wa Ziwa Victoria hupigwa sana na dhoruba za usiku wa manane hadi asubuhi, zinazotokea ziwani. Kama pori lilivyo la Irungu, mwenye ziwa na dhoruba ni Mugasha. Mgeni akiuliza kwa nini turubai linapigwa hivi alfajiri, mwongozaji anaweza kumweleza upepo wa nchi kavu na joto la maji, na ni kweli tupu. Amtaje na Mugasha pia, kwa jina lake, kabla hajaanza kukunja hema.