Paka Aliyechelewa Kushukiwa

Ukitoka Ngome ya Yesu mjini Mombasa ukashika njia ya Mji wa Kale kuelekea bandari ya zamani, utapishana na paka wengi: wako barazani, juu ya kuta, na soko la samaki ndiyo makao yao. Ngome yenyewe, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imeshuhudia maradhi makubwa. Katika mzingiro wa Waomani wa 1696 hadi 1698, waliokuwa ndani waliuawa na magonjwa kuliko risasi, na wanahistoria wameyaandika. Toksoplasma, kimelea kinachohusishwa na paka hao, haikupata mwandishi, maana wengi wanaoipata hawaugui wala hawajui kama wanayo.

Iligunduliwa mwaka 1908, na mara mbili. Mjini Tunis, Charles Nicolle na Louis Manceaux waliiona kwa gundi, mnyama mdogo wa jamii ya panya; huko Brazili, Alfonso Splendore akaiona kwa sungura. Kwa miaka mingi ikachukuliwa kuwa shauri la wanyama. Kisha mwaka 1938 akazaliwa New York mtoto wa kike, akashikwa na degedege, na kabla hajapita mwezi wa pili akafa. Wolf, Cowen na Paige walikikuta kimelea hicho ubongoni mwake, na mwaka 1939 wakaeleza kwamba aliambukizwa akiwa tumboni.

Na paka? Ilikuwa 1965 ndipo William Hutchison wa Glasgow alipomshuku, na mzunguko mzima ukathibitishwa mwaka 1970: ni katika utumbo wa paka na jamaa zake pekee ambamo kimelea hutengeneza vijiyai vinavyotoka na kinyesi.

Hata hivyo, naona paka wetu wamesingiziwa mno. Hutoa vijiyai kwa wiki chache tu, mara nyingi mara moja maishani, na kinyesi kikizolewa kila siku havipati muda wa kukomaa. Kumpapasa paka si kosa. Tazama zaidi mchanga, kachumbari isiyooshwa, na mishkaki yenye damu katikati. Mama aliyeambukizwa zamani kwa kawaida hamwambukizi mwanawe. Wa kuhofia ni anayeambukizwa akiwa mjamzito. Mimba ikiwa changa, kimelea humfikia mtoto kwa nadra, lakini kikifika huacha madhara mazito: maji kichwani, macho kuharibika, hata mimba kutoka.

Ufaransa ilianza kuwapima wajawazito kwa sheria mwaka 1978. Kwetu, kliniki hupima damu, mkojo, kaswende na VVU. Toksoplasma haimo katika vipimo vya kawaida. Mjamzito mwenye wasiwasi amuulize daktari wake, na mishkaki aagize iliyoiva.