Gia Inapolalamika

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumze juu ya chombo ambacho wengi wetu hukitegemea kila siku, na ni wachache waliowahi kukiona kwa ndani. Chombo chenyewe ni giaboksi. Gari likianza kukwaruza wakati wa kubadilisha gia, au likivuma kama mzinga wa nyuki, mwenye gari hushikwa na hofu mbili: moja ni ya barabarani, na nyingine ni ya mfukoni. Hapo fundi husikiliza kwa dakika moja, hutikisa kichwa, kisha hutamka: "Mzee, giaboksi imekufa. Tafuta nyingine." Huenda fundi amesema kweli. Lakini yapo magari yaliyoshushwa giaboksi nzima, ikanunuliwa nyingine ya mitumba, kumbe ubovu ulikuwa ni waya wa klachi uliolegea.

Kelele za gia zina historia, na historia hiyo ina faida kwa mwenye gari. Kila kelele inatokana na tatizo ambalo watu walihangaika nalo kwa miaka mingi kabla ya kulipatia dawa. Ukijua dawa ile ni ipi, na imekaa wapi ndani ya gari lako, utajua pa kuanzia pale inapokwisha nguvu.

Tuanze Ujerumani, mwezi wa Agosti, 1888. Bibi Bertha Benz, mke wa Karl Benz, alilichukua gari la mumewe lenye magurudumu matatu, akafuatana na wanawe wawili, wakasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa kilomita 100 hivi. Gari lile halikuwa na gia ya kutosha kupandia milima. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Kwenye milima lilishindwa, na vijana wakalazimika kushuka na kulisukuma. Baada ya safari ile mama huyo alishauri gari litiwe gia ya kupandia milima, na ushauri wake ukafuatwa.

Sababu ya haja hiyo ni rahisi. Injini ya mvuke huvuta kwa nguvu tangu inapoanza kusogea. Injini ya petroli sivyo. Ikizunguka polepole haina nguvu, na ukiilazimisha inazima. Lazima iachwe izunguke haraka huku magurudumu yakienda taratibu, na kazi ya kupatanisha mwendo wa pande hizo mbili ndiyo kazi ya gia.

Mwaka 1891, mjini Paris, Mfaransa Émile Levassor wa kampuni ya Panhard et Levassor aliunda gari lenye mpangilio ambao magari mengi yaliufuata baadaye: injini mbele, nyuma yake klachi, nyuma ya klachi gia, na nguvu ikapelekwa magurudumu ya nyuma. Gia zake zilikuwa za kutelezesha. Dereva alipovuta mkono wa gia, gurudumu moja la meno lilisukumwa kwa ubavu hadi likaumana na jingine, ilhali yote mawili yanazunguka. Inasimuliwa kwamba Levassor mwenyewe alikiri kuwa namna ile ni ya kikatili, ila inafanya kazi. Na kweli ilifanya kazi. Mwaka 1895 aliendesha gari lake toka Paris hadi Bordeaux na kurudi, kilomita karibu 1,200, kwa muda wa saa 48 na dakika 48, akawa wa kwanza kufika.

Tuuangalie huo ukatili kwa hesabu ndogo. Chukua gari ambalo gia namba mbili huzungusha injini mara mbili kila shafti ya kutokea inapozunguka mara moja, na gia namba tatu huizungusha mara moja na nusu. Shafti ya kutokea ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, injini kwenye gia namba mbili inazunguka mara 3,000. Ukitaka kuingiza namba tatu, upande wa injini sharti ushuke hadi 2,250. Usiposhuka, meno yenye kasi mbili tofauti yanagongana, nawe utasikia mkwaruzo. Ukirudi kutoka namba tatu kwenda namba mbili, mambo hugeuka: upande wa injini sharti upandishwe. Kukwaruza kwa gia, basi, ni ugomvi wa kasi mbili zisizolingana.

Madereva wa zamani waliumaliza ugomvi huo kwa miguu na masikio yao. Walikanyaga klachi mara mbili: mara ya kwanza kutoa gia na kuweka nyutro, wakaachia klachi, wakangoja injini ishuke au wakaipandisha kwa kukanyaga mafuta kidogo, halafu wakakanyaga tena kuingiza gia wanayoitaka. Aliyekosea alisikika mtaa mzima. Wazee walioendesha Land Rover za mwanzo katika nchi zetu za Afrika Mashariki watakumbuka jambo hili, maana gari hilo lililoanza mwaka 1948 halikuwa na msaada wowote kwenye gia namba moja na mbili. Msaada huo ulifika kwenye gia zake zote nne za kwenda mbele katika Series III ya mwaka 1971.

Watu walijaribu njia nyingi za kupunguza taabu hiyo. Mwaka 1898 kijana Louis Renault wa Paris alibuni gia ya juu inayopitisha nguvu moja kwa moja kutoka injini hadi shafti ya nyuma, bila kuzungukia kwenye meno ya shafti ya pembeni. Ikawa tulivu kuliko nyingine. Henry Ford naye, katika Model T iliyoundwa toka 1908 hadi 1927, alitumia gia za namna nyingine zilizobadilishwa kwa pedeli, na wakulima wa Marekani wakaendesha bila kujifunza ufundi wa klachi mbili. Lakini gari hilo lilikuwa na gia mbili tu za kwenda mbele.

Dawa iliyodumu ilitoka Marekani. Mhandisi Earl Thompson alibuni mtambo wa kusawazisha kasi kabla meno hayajakutana, nayo Cadillac ikauingiza katika magari yake mwaka 1928. Uliitwa sinkromeshi. Katika giaboksi za siku hizi magurudumu makubwa ya meno hukaa yameumana muda wote, na kinachosogea ni kola yenye meno madogo. Kati ya kola na gia kuna pete ya shaba yenye umbo la koni. Unaposukuma mkono wa gia, pete hiyo hujibana kwenye koni ya gia kama breki, kasi mbili zinalingana, ndipo meno madogo yanapoingia bila kelele. Kazi iliyokuwa ya mguu na sikio la dereva ikahamia kwenye pete isiyozidi upana wa kiganja. Thompson huyohuyo baadaye akaongoza kazi ya kuunda gia za kujibadilisha zenyewe, zilizouzwa katika Oldsmobile za mwaka 1940.

Sasa turudi gereji tukiwa na historia hiyo mkononi.

Ikiwa gia zote zinakwaruza, usianze kuilaumu giaboksi. Ni nadra pete zote zife siku moja. Shuku klachi kwanza, maana pete haiwezi kusawazisha kasi ikiwa injini bado inasukuma upande mmoja. Jaribu hivi: zima injini, uingize gia zote moja moja. Zikiingia kwa ulaini, na injini ikiwaka zikakataa, klachi haiachii. Tazama waya wake, au kama ni ya mafuta, tazama mafuta hayo na hewa iliyoingia ndani ya bomba. Huenda ikawa ni kazi ya nusu saa kwa spana moja.

Ikiwa ni gia moja tu inayokwaruza, mara nyingi namba mbili au tatu, na nyingine ni nzuri, hapo pete ya gia hiyo imelika. Ukitaka kuhakikisha, kanyaga klachi mara mbili kama mzee wa Land Rover. Gia ikiingia kimya, basi mguu wako umefanya kazi ambayo pete imeshindwa kuifanya, na ubovu umeshajulikana.

Gia ya kurudi nyuma ina hukumu yake. Katika magari mengi haina pete hata yakiwa mapya, na meno yake yamenyooka, hayakukatwa mshazari kama ya gia nyingine. Ndiyo maana hulia gari linaporudi nyuma. Ikikwaruza wakati wa kuingia, ngoja sekunde tatu huku umekanyaga klachi, au ingiza namba moja kwanza kisha uirudie. Ukimya ukipatikana, hakuna kilichoharibika isipokuwa subira. Ikikwaruza hata baada ya kungoja, tunarudi kwa klachi.

Zipo pia kelele za kuvuma, ambazo hazina habari na kubadilisha gia. Simamisha gari, weka nyutro, injini iwake. Kukiwa na mvumo unaokoma ukikanyaga klachi, beringi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi ina mashaka, maana ukikanyaga klachi shafti hiyo husimama. Kukiwa kimya, na kelele ikaanza ukikanyaga, mshitakiwa ni beringi ya klachi, ambayo huanza kubeba mzigo mguu unaposhuka. Hapo pesa ya kununua giaboksi ibaki mfukoni.

Na Louis Renault naye anatusaidia. Katika gari linalovutwa na magurudumu ya nyuma, lenye gia ya juu ya moja kwa moja, mvumo ukisikika kwenye gia zote ila ukapungua sana ukifika gia hiyo, shuku shafti ya pembeni na beringi zake. Katika gia ile shafti ya pembeni bado inazunguka, lakini haina mzigo. Mvumo ukiwa kwenye gia moja peke yake, meno ya gia hiyo ndiyo ya kutazamwa.

Oili isisahauliwe. Ikipungua, beringi na meno huungua polepole. Ikiwa nzito kupita kiasi, gia huwa ngumu asubuhi na kulainika gari likipata moto. Oili ya difu isimiminwe kwenye giaboksi kwa sababu tu ndiyo iliyopo, kwa kuwa baadhi ya viungo vyake vinaweza kuila shaba ya zile pete. Wakati wa kumwaga oili, iangalie kwenye jua. Vumbi la rangi ya dhahabu linatoka kwenye pete. Vipande vya chuma vinavyoshikwa na sumaku vinatoka kwenye meno au beringi, na hilo ni onyo kubwa zaidi.

Ndugu msikilizaji, nimekuja kwenye jambo lililo zito kuliko fedha. Ipo dalili moja isiyostahili kuvumiliwa hata siku moja, nayo ni gia inayoruka na kurudi nyutro yenyewe. Chanzo chaweza kuwa meno madogo yaliyolika, uma wa gia uliochakaa, springi za kuishikilia zilizochoka, au mpira wa kushikilia injini uliokatika. Nimewaona madereva wanaoishika gia kama hiyo kwa mkono, mwendo mzima, na abiria wamejaa nyuma. Katika tambarare watafika. Lakini katika mteremko wa Kitonga kule Iringa, au wa Sekenke kule Singida, gia ndogo ndiyo inayolizuia gari lisikimbie. Ikiruka, uzito wote unaangukia breki. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto sana hazishiki tena. Na katika kasi ile ya mteremko, pete iliyochoka haiwezi kuirudisha gia ndogo mahali pake.

Hatari hiyohiyo inampata anayeweka nyutro kwa makusudi ili kuokoa mafuta, tabia iliyojulikana sana miongoni mwa madereva wa malori katika barabara ya Salgaa nchini Kenya. Bertha Benz alitaka gia ya kupandia mlima, na kila dereva wa lori anajua kwamba gia ileile ndiyo ya kushukia.

Leo magari mengi madogo yanayoingia nchini ni ya gia za kujibadilisha, na magari ya umeme kwa kawaida yana gia moja tu, maana mota ya umeme huvuta tangu inapoanza. Huenda wajukuu wetu wasijue klachi ni nini. Lakini mabasi na malori mengi yanayotubeba sisi na mazao yetu bado yanabadilishwa gia kwa mkono, na ni haki yetu kutaka yawe mazima.

Kwa hiyo, gari likilalamika, usiongeze sauti ya redio ili usilisikie. Andika kwenye karatasi: kelele inatokea gia ipi, klachi ikiwa juu au chini, injini ikiwa baridi au ya moto. Karatasi hiyo mpe fundi kabla hajashika spana. Fundi mzuri atakushukuru, na yule wa kubahatisha atajua kwamba safari hii amepata mteja anayeuliza maswali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa giaboksi ni wa gharama kubwa.

Hadi juma lijalo, nawatakia safari njema.