Matumizi ya Akili Unde Katika Kuandika Maelezo ya Mabadiliko ya Programu

Kila mara mtaalamu anapobadilisha msimbo wa programu ya kompyuta na kuuhifadhi katika kumbukumbu za mradi, huambatanisha maelezo mafupi yanayobainisha kilichobadilika na sababu yake. Katika mfumo wa Git, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005, maelezo hayo hutunzwa pamoja na jina la mwandishi, tarehe na saa. Kwa desturi, mstari wa kwanza hauzidi herufi 50 hivi, na ufafanuzi hufuata chini yake.

Hivi sasa zana za akili unde, ikiwemo GitHub Copilot, zinaweza kuandaa maelezo hayo kwa muda mfupi. Zana husoma mistari iliyoondolewa na iliyoongezwa, kisha hupendekeza muhtasari. Kwa njia hiyo muda huokolewa, na maelezo matupu kama "marekebisho" huepukwa.

Hata hivyo, mistari hiyo huonesha kilichobadilika. Aghalabu haielezi sababu. Kwa mfano, endapo muda wa kujaza fomu ya maombi mtandaoni utaongezwa kutoka dakika 15 hadi 30, zana itaandika kuwa muda umeongezwa. Isipoelezwa, haitajua kuwa waombaji wenye mtandao hafifu walikuwa wakifungiwa kabla ya kumaliza. Mtaalamu atakayeipokea kazi hiyo miaka mitano baadaye anaweza kurejesha dakika 15 kwa nia njema, na kero ikarudi.

Suala jingine ni uwajibikaji. Tangu mwaka 2004, mradi wa Linux umekuwa ukimtaka mchangiaji kuweka jina lake kuthibitisha kuwa ana haki ya kuwasilisha kazi husika. Mwongozo wa mradi huo unakataza zana za akili unde kuweka uthibitisho huo. Binadamu ndiye anayekagua, anayesaini na anayebeba dhamana. Zana iliyosaidia hutajwa kwa alama yake.

Aidha, zana nyingi hutuma msimbo kwenye kompyuta za mtoa huduma. Nywila au taarifa binafsi zikiwa ndani yake, hutoka nje ya taasisi.

Kwa hiyo, siri hazina budi kuondolewa kabla ya zana kutumika, rasimu yake ilinganishwe na mabadiliko yenyewe, na sababu iandikwe na mhusika anayeifahamu.