Vyanzo Vingi, Hoja Moja: Uandishi wa Historia ya Usambara

Insha ya hoja, yaani maandishi ambayo mwandishi wake hutoa dai na kulitetea kwa ushahidi hadi msomaji mwenye shaka aridhike, hupimwa vyuoni kwa namna vyanzo vilivyochunguzwa na kukabilishwa, wala si kwa wingi wa vyanzo vilivyotajwa. Mkoani Tanga, mfano ulio wazi wa kazi hiyo ni uandishi wa historia ya Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara kutoka mji wa Vuga.

Chanzo cha kwanza ni masimulizi ya mdomo, yanayomtaja Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, aliyewagawia Washambaa, wenyeji wa Usambara, nyama, akaua simba usiku alipowasili Vuga, kisha akatawazwa. Cha pili ni maandishi ya mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852 kumwomba mfalme Kimweri ye Nyumbai ruhusa ya kuanzisha misheni. Cha tatu ni Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyekuwa karani wa Semboja, mwana wa Kimweri, huko Mazinde. Kazi hiyo ilichapwa kwanza na misheni ya Magila.

Kila chanzo kina mwelekeo wake. Masimulizi ya Mbegha yanahalalisha utawala wa Wakilindi. Krapf aliitazama nchi akiwa barazani pa mfalme, mahali ambapo mkulima wa kawaida hakusikika. Naye Ajjemy alimtumikia mmoja wa wahusika wakuu wa vita vilivyougawa ufalme baada ya kifo cha Kimweri mwaka 1862. Anayenukuu kimojawapo peke yake hurithi upendeleo wa msemaji wake bila kujua.

Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, katika kitabu chake The Shambaa Kingdom cha mwaka 1974, alivikabilisha vyanzo hivyo na masimulizi ya koo zisizo za kifalme. Alionyesha kwamba nyama na simba katika kisa cha Mbegha ni ishara za mgeni wa porini anayegeuka kuwa mfalme, kwa hiyo kisa hakifai kusomwa kama orodha ya matukio. Hata hivyo hakukitupa, bali alijenga dai kwamba ufalme ulizuka wakati ujio wa wafugaji Wambugu, wenye lugha na desturi tofauti, ulipotikisa jamii ya Washambaa na kuifanya ihitaji mamlaka yenye nguvu zaidi.

Mwanafunzi anayeandika insha leo anapaswa kufuata njia hiyohiyo: aulize kila chanzo kimetoka kwa nani na kwa haja gani, akipe nafasi chanzo kinachompinga, kisha atamke dai lake mwenyewe. Bila dai hilo, nukuu zote alizokusanya hubaki maneno ya wengine.