Masomo ya bure machoni pa wazazi wa mitaa maskini ya Lubumbashi

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya mwaka 2006, kinasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, tena ni ya bure katika shule za serikali. Kwa miaka mingi neno hilo lilikaa kwenye karatasi. Lilianza kutekelezwa nchini kote Septemba 2019. Katika shule hizo zimo pia zile zinazosimamiwa na makanisa, zikiwemo zetu Waprotestanti, kufuatana na mkataba wa mwaka 1977: serikali inalipa walimu, kanisa linaongoza.

Mzazi wa Katuba au Ruashi hapimi jambo hili kwa Katiba. Analipima kwa yale aliyoyapitia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulikuwa haununui tena hata unga, migomo ikafunga madarasa, na wazazi wakakubali kuchanga ili walimu warudi. Mchango huo, uliokuwa wa kitambo tu, ulidumu zaidi ya miaka 25. Mama muuza makala aliijua vizuri siku ya kufukuzwa: majina ya wasiolipa yalisomwa, watoto wakarudi nyumbani na mabegi yao. Mwenye watoto watano alichagua wawili wa kusoma, na mara nyingi walioachwa walikuwa wasichana.

Kwa hiyo furaha ya 2019 ilikuwa ya kweli. Watoto wengi mno waliingia shuleni au walirudi. Lakini vyumba vya madarasa vilibaki vilevile, na walimu wengi hawakuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Hao walikuwa wakiishi kwa mchango wa wazazi, na mchango ulikatwa.

Husemwa kwamba maskini hajali masomo. Katika kutembelea nyumba za waumini nimeona kinyume. Mama asiyejua kusoma huchukua daftari la mtoto jioni na kulifungua kwenye mwanga wa taa. Anahesabu kurasa zilizoandikwa, anatafuta alama ya kalamu nyekundu. Wiki mbili bila nyekundu, anajua kwamba mwalimu hakupita kwenye benchi la mwanawe. Huo ndio ukaguzi wake, na sijaona ukimdanganya mara nyingi.

Ninachokisikia zaidi si lawama juu ya msongamano. Ni kwamba zamani, alipolipa, alikuwa na kinywa: aliweza kwenda kwa mkuu wa shule na kuuliza. Leo akiuliza kwa nini watoto wanakaa chini, anaambiwa ni bure, ashukuru. Na hiyo bure nayo ina mashimo. Yunifomu na madaftari ni juu yake, na hapa na pale huombwa pesa kidogo ya karatasi za mtihani, bila risiti. Analipa akinyamaza, akiogopa mtoto asije akachukiwa. Akifika sekondari, ada zinaendelea kama kawaida.

Basi wengine wanatafuta shule ndogo ya binafsi mtaani, hata kama ni vyumba vitatu vya mbao. Hawawezi kuwalipia watoto wote, kwa hiyo wanampeleka mmoja, na wengine wanabaki shule ya serikali. Kule kuchagua kati ya watoto, kulikodhaniwa kumekwisha, kumerudi kwa mlango wa nyuma. Mara nyingi anayelipiwa ni mvulana.

Komite ya wazazi ipo kwa sheria, na ingeweza kuwa kinywa cha huyo mama. Kwetu sisi wa kanisa kuna shida nyingine, na lazima niiseme: Jumapili mkuu wa shule na mchungaji wanakaa benchi moja la mbele. Mzazi atamshitaki nani kwa nani?

Katika parokia moja akina mama waliomba mkutano wa wazazi ufanyike Jumapili baada ya ibada, kwa sababu Jumanne asubuhi wako sokoni. Mkuu wa shule alikubali palepale. Mara ya kwanza walikuja kina mama zaidi ya ukumbi ulivyoweza kubeba, wengi wakiwa na madaftari mkononi. Mara ya pili mkuu wa shule hakufika. Wao walifika.